Uaminifu wa Spika Bapa

Spika bapa ni spika isiyo na boksi. Mahali pa koni pana utando mwembamba, mpana kama mlango wa kabati, unaotikisika karibu wote kwa pamoja. Katika Quad ESL, ambayo Peter Walker aliitoa Uingereza mwaka 1957, utando hupewa chaji ya maelfu ya volti ukavutwa huku na huku kati ya bati mbili zenye matundu. Katika spika za Magnepan, kampuni aliyoianzisha Jim Winey huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969, utando hubandikwa nyaya na kupangiwa sumaku karibu yake. Quad husifiwa kwa uwazi wa sauti ya mwimbaji, Magnepan kwa ukubwa wa jukwaa linalojengeka sebuleni. Zote hupeleka sauti mbele na nyuma, na mawimbi hayo yakikutana pembeni huuana. Besi ndiyo huumia zaidi: wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, hivyo huuzunguka ukingo wa spika kana kwamba haupo.

Wanaozilinganisha huuliza ipi ni aminifu zaidi, na hapo falsafa huingia. Mjumbe huitwa mwaminifu pale maneno aliyoyafikisha yanapolingana na aliyopewa. Msikilizaji wa nyumbani hakuwapo maneno yalipotolewa.

Kariakoo, Dar es Salaam, ina mfano mzuri. Mlimani Park Orchestra, yaani Sikinde, bendi iliyoundwa 1978, ilipiga miaka mingi katika ukumbi wa DDC Kariakoo, na nyimbo zake zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Aliyecheza ukumbini aliipata besi kifuani, tarumbeta na saksafoni zikipita juu ya kelele za watu. Aliyeusikia wimbo uleule kwa redio ya betri kijijini hakupata besi hiyo hata kidogo, lakini huo ndio wimbo anaoujua. Quad ingewafunulia wote wawili kuta za studio. Mchezaji dansi angelalamika kwamba besi imeibwa, na asingekuwa mwongo.

Jibu la haraka ni kwamba asili ambayo spika inapaswa kulingana nayo ni kanda ya studio yenyewe. Lakini kanda iko kimya mpaka spika fulani iisemeshe, na hata fundi wa studio aliihukumu kwa spika yake. Ugumu huu ni wa zamani. Mwanafalsafa John Locke, katika karne ya 17, aliihesabu sauti miongoni mwa sifa ambazo ndani ya kitu ni uwezo tu wa kuamsha hisia kwa anayehisi. Kuanzia 1915 kampuni ya Edison iliwaalika watu kumsikiliza mwimbaji na gramafoni kwa zamu, wapambanue. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza baadaye kwamba aliifananisha sauti yake na ya mashine. Asili ilikuwa imeiga nakala!

Haifuati kwamba kila mtu na sikio lake, basi. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba alama za wasikilizaji hubadilika wanapoziona spika. Pazia likishuka, tofauti kadhaa hupotea na watu hukaribiana zaidi katika hukumu. Sauti kubwa nayo hudanganya, kwani tofauti ya desibeli moja husikika kama ubora. Muuzaji wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, anayeongeza sauti ya sabufa mteja anapokaribia analijua hilo bila kitabu, na kwa honi za pale nje huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo hukumu juu ya spika bapa ina ukweli, ila ni ukweli wa masharti: sauti zilinganishwe ukubwa, spika zisionekane, na chumba kitajwe. Hili la mwisho huzibana spika bapa kuliko za boksi. Katika sebule ndogo ya ghorofa la Kariakoo, spika ikisukumwa hadi kwenye ukuta wa saruji, wimbi la nyuma hurudi upesi na kuchanganyika na la mbele, na ule uwazi wa Quad hufifia. Ikivutwa mbele mita moja, uwazi hurudi, lakini njia ya kwenda jikoni huzibika.