Kuzima Kabisa ni Kuzima Mpaka Wapi?

Kompyuta ya Linux huzimwa kwa amri moja fupi, poweroff, ikitanguliwa na sudo pale mtumiaji anapohitaji mamlaka ya msimamizi. Amri hiyo haikati umeme papo hapo. Mchakato namba 1, ambao katika Ubuntu na Debian ni systemd, huzitumia kwanza programu ishara ya SIGTERM, ambayo ni ombi: hifadhi ulichonacho, funga kazi. Programu isiyotii, kwa mpangilio wa kawaida, husubiriwa sekunde 90, kisha hupigwa SIGKILL, ambayo haikataliki. Diski hufungwa, na mwisho keneli, yaani kiini cha mfumo, huombwa izime mashine. Hata hapo ombi hukataliwa lisipoambatana na namba mbili maalumu. Mojawapo ya zinazokubaliwa kwa nafasi ya pili, ikiandikwa kwa hesabu ya kizio cha kumi na sita, husomeka 28121969, tarehe aliyozaliwa Linus Torvalds, muasisi wa keneli hiyo. Ni utani wa mafundi, lakini si utani mbaya: mashine kutozimika mpaka itajiwe siku ya kuzaliwa ya aliyeanzisha keneli yake.

Je, hapo imezimika kabisa? Katika duka la stesheneri pale Rau, kata ya Manispaa ya Moshi ambako mji umeingia mpaka vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya koo za Wachagga, kioo kinaweza kuwa cheusi na feni imetulia, huku taa ndogo ya kijani ikimeta penye waya wa mtandao. Maadamu plagi iko ukutani, umeme kidogo wa volti 5 bado unapita. Kadi ya mtandao iliyoandaliwa kupokea mwito hukaa ikisikiliza, na ikiletewa ujumbe wenye anwani yake yenyewe iliyorudiwa mara 16, huiamsha kompyuta. Plagi ikichomolewa, mwito huo haufiki tena. Inabaki betri ya duara inayoendesha saa.

Basi mwisho wa kitu uko ndani yake, au uko katika kile kinachoweza bado kukifikia? John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alishika jibu la pili katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alieleza kuwa marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemfahamu, ndipo huzama katika Zamani. Wachagga hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Aliyefia Dar es Salaam husafirishwa akazikwe kihambani, chini ya migomba ya ukoo, mahali ambapo jina lake litaendelea kutajwa.

Fikra hiyo ina udhaifu wake. Mtu akiendelea kuwapo kwa kukumbukwa tu, basi asiye na mtoto wala kihamba hufa haraka kuliko jirani yake, na hilo ni gumu kulikubali. Uislamu na Ukristo huliepuka kwa kuweka kumbukumbu mahali pengine. Aya ya 42 ya sura ya Az-Zumar huweka usingizi na mauti mikononi mwa Mungu yule yule: roho huchukuliwa katika hali zote mbili, nyingine zikazuiwa na nyingine zikarudishwa mpaka muda wake. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, huwaita wafu waliolala. Kwa imani hizo mbili anayeweza kuita hasahau, hata ukoo mzima ukiisha.

Mfano wa kompyuta unafika hapo na kukwama. Mashine inayowashwa asubuhi husoma upya diski ile ile, lakini kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda bila kuhifadhiwa hakirudi, hata iitwe mara ngapi. Wanaoamini ufufuo hudai zaidi ya hapo: kwamba anayerudi ni yule yule, pamoja na yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaandika.