Ushahidi wa Anayelishwa: Je, Mfanyakazi Anaweza Kumwombea Bosi Wake Wasifu Mzuri?



Ndugu zangu katika imani, swali la makala hii ni jepesi kulitaja. Kampuni ina mkurugenzi. Mkurugenzi ana wasifu wake katika Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo sote tunaifungua kabla ya kufungua vitabu. Wafanyakazi wa kampuni wanaandika kuomba wasifu ule ubadilishwe. Pengine wanaomba kosa lirekebishwe, pengine wanaomba sifa iongezwe, pengine wanaomba aya moja isiyopendeza iondolewe. Je, dini yetu inasemaje?

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Wengi wetu tunaosoma huku Rusizi hatutakuwa makadhi wala masheikh. Tutaajiriwa viwandani Bugarama, katika mabenki na mashirika ya Kamembe, au tutavuka mto kwenda kutafuta riziki Bukavu. Kuanzia saa mbili asubuhi kalamu zetu zitakuwa chini ya amri ya mwajiri. Ni bora tujue mpaka wa amri hiyo kabla hatujasaini mkataba.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyofanyika. Wikipedia huandikwa na watu wa kujitolea, na karibu kila mtu anaweza kuhariri. Mlango huo mpana umeleta kheri nyingi na shari pia. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, aligundua kwamba wasifu wake ulikuwa umemhusisha na mauaji ya Rais Kennedy na ya mdogo wake Robert. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa pale kwa miezi minne hivi. Mwaka huo huo ilijulikana kwamba Jimmy Wales, mwanzilishi wa Wikipedia, alikuwa ameuhariri wasifu wake mwenyewe katika jambo la nani hasa aliianzisha kamusi ile pamoja naye. Mwaka 2011 kampuni ya Uingereza ya kusafisha majina ya wakubwa, Bell Pottinger, iligunduliwa kuwa imekuwa ikihariri kwa siri kurasa zinazowahusu wateja wake. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuanguka mwaka 2017 kwa kashfa ya kuchochea uhasama wa rangi Afrika Kusini. Mwaka 2015 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walifunga akaunti 381 za kundi moja lililokuwa likitoza watu pesa ili kuwaandikia makala, na hata kuzilinda zisifutwe.

Kwa sababu ya mambo ya namna hii, mwaka 2014 shirika la Wikimedia liliweka sharti: anayelipwa kuhariri lazima atangaze nani anamlipa na ana uhusiano gani na anayeandikwa. Na katika Wikipedia ya Kiingereza mwenye maslahi hushauriwa asiiguse makala kabisa. Aandike ombi katika ukurasa wa majadiliano, ajitambulishe, alete chanzo cha kuaminika, kisha mhariri asiye na maslahi aamue kukubali au kukataa.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Wa kwanza anaingia usiku na kubadilisha. Wa pili anabisha hodi mchana na kusema, "Mimi ni mfanyakazi wa fulani, naomba hiki kibadilishwe." Yule wa kwanza hatuna haja ya kumjadili sana. Wanafunzi wa hadithi wanalijua jina la kitendo chake: ni tadlisi, kuificha kasoro ya upokezi ili maneno yaonekane yametoka mahali safi. Imamu Shu'ba bin al-Hajjaj alikuwa mkali mno juu ya tadlisi, akaihesabu kuwa jirani wa karibu wa uongo. Swali gumu ni la huyu wa pili. Amejitaja. Je, kujitaja kunatosha?

Abu Dawud amepokea, kwa njia ya Amr bin Shuayb, kwamba Mtume (s.a.w.) aliurudisha ushahidi wa mtu anayelishwa na nyumba fulani pale anapowashuhudilia watu wa nyumba hiyo, na akauruhusu kwa watu wengine. Sehemu ya mwisho ya hadithi hiyo ndiyo yenye mafunzo makubwa. Mtu ni yule yule, ulimi ni ule ule. Kwa jirani ushahidi wake unapokewa, kwa anayemlisha haupokewi. Hii ina maana kwamba hakukataliwa kwa kuwa ni mwongo. Amekataliwa kwa kuwa sahani yake ya chakula imo ndani ya kesi. Wanafiqhi wanaiita hali hii tuhuma, na watu wa leo wanaiita mgongano wa maslahi. Mfanyakazi akiambiwa "wewe usiandike juu ya bosi wako", asione ametukanwa. Heshima yake ipo pale pale.

Waliotutangulia waliliishi jambo hili. Waki' bin al-Jarrah alikuwa imamu wa hadithi, na baba yake alisimamia hazina ya dola. Waki' alipopokea hadithi kutoka kwa baba yake, alikuwa akimwambatanisha na mpokezi mwingine, asimtegemee peke yake. Ali bin al-Madini aliulizwa juu ya baba yake mzazi. Mara ya kwanza aliwaambia wakawaulize wengine. Waliporudi kumshikilia, alisema kwamba hii ni dini, na kwamba baba yake ni dhaifu katika upokezi. Tazameni mpangilio wake: kwanza alijitoa katika ushahidi, na alipolazimishwa, hakumkingia kifua baba yake.

Sasa mtu atasema: ikiwa ushahidi wa anayelishwa haupokewi, basi hata ombi la mfanyakazi lisipokewe. Hapa sikubali, na sababu yangu ni hii. Mahakamani kuna shahidi na kuna mdai. Shahidi neno lake lenyewe ni hoja. Mdai neno lake si hoja, ndiyo maana sheria imemtwika mzigo wa kuleta dalili. Mfanyakazi anayehariri kwa mkono wake amejifanya shahidi na hakimu kwa pamoja. Mfanyakazi anayeomba waziwazi ameshuka kutoka kiti cha shahidi na kusimama mahali pa mdai: "Hili ndilo dai langu, hii ndiyo dalili yangu, amueni ninyi." Kudai si haramu. Hata mwenye tuhuma ana haki ya kudai.

Dalili yangu iliyo wazi zaidi imo katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Mfalme alipomwita atoke gerezani, hakukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe akaulizie habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alikuwa na haki ya kusafishiwa jina lake, na aliidai. Lakini hakuomba asifiwe, wala hakuomba kesi ifutwe watu waisahau. Aliomba ichunguzwe upya, na wenye kusema wawe wale waliohusika. Na mwanzoni mwa kisa, shahidi aliyetoka katika jamaa za yule mwanamke hakusema "mimi namjua ndugu yetu". Aliwapa watu kipimo cha kanzu, imechanika mbele au nyuma, wakaangalie wenyewe. Huyo alikuwa ni mtu wa nyumba ile, na maneno yake yakafaa, kwa sababu yaliegemea kitu ambacho kila mtu angeweza kukiona.

Hivyo ndivyo ombi la halali linavyokuwa. Mwaka wa kuzaliwa umekosewa, hiki hapa chanzo. Ameandikwa kuwa alifungwa na hakufungwa, hii hapa hukumu. Kumtetea mtu aliyezuliwa ni kheri, awe bosi au mfagiaji, na Seigenthaler angefurahi kama angepata mtu wa kumtetea mapema.

Hata hivyo kujitaja si maji ya kutawadhia yanayoondoa kila uchafu. Kuna mambo matatu ambayo hayasafiki kwa kutangaza tu.

La kwanza ni wingi wa uongo. Wafanyakazi watano wa ofisi moja wakiandika maombi matano, msomaji huona watu watano. Tunajua kwamba tawaturi haipatikani kwa idadi peke yake. Sharti lake ni kwamba isiwezekane wapokezi kukubaliana juu ya jambo. Watano wanaokula chungu kimoja ni sauti moja, na wanapaswa kusema hivyo.

La pili ni sifa asizostahiki. Qur'ani, katika Surat Al Imran aya ya 188, inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda. Imamu Muslim amepokea kwamba mtu mmoja alipoanza kumsifu Uthman (r.a.), Miqdad alipiga magoti na kumtupia vijiwe usoni, akitekeleza alichokisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya wenye kazi ya kusifu. Aliyekuwa akisifiwa ni Uthman! Sisi tunaandika "kiongozi mwenye maono" juu ya mtu ambaye maono yake hatujawahi kuyaona, kwa kuwa mwisho wa mwezi kuna mshahara.

La tatu ndilo zito: kuomba ukweli uondolewe. Hapa najua jibu ambalo wengi wenu mnalo tayari, kwa sababu nimelisikia katika darasa zetu. Uislamu umetuamrisha sitara. Anayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Basi kwa nini isiwe thawabu kuomba aibu ya bosi ifutwe? Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Ikiwa kilichoandikwa ni jambo la nyumbani kwake, talaka, ugonjwa, dhambi baina yake na Mola wake, basi naam, kuombewa lifutwe ni sitara na ni haki yake. Lakini ikiwa ni mishahara ya watu iliyozuiliwa, au hukumu ya mahakama juu ya mali ya umma, humo mna haki za wengine. Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na miongoni mwake ni malalamiko ya aliyedhulumiwa na kuwatahadharisha watu. Wanahadithi wasingeweza kuilinda Sunna kama wangelisitiri kila mpokezi mwongo. Ukiisitiri dhulma, gharama ya sitara hiyo atailipa aliyedhulumiwa, na wewe hukumwomba ruhusa.

Ndugu mmoja aliyehitimu kabla yangu alinijia na jambo hili hasa. Ameajiriwa mahali ambapo sitapataja, kwa mkataba wa miezi sita, na mkubwa wake alimwagiza ashughulikie wasifu wake. Makosa mawili ya tarehe yarekebishwe, na sentensi moja ya kweli kuhusu mgogoro na wafanyakazi itolewe. Aliniuliza, "Sheikh, nikikataa mkataba hautaongezwa, na nyumbani kuna wadogo zangu wanaotakiwa kulipiwa shule. Nifanyeje?" Mimi si sheikh, ni mwanafunzi, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimwambia pia kwamba agizo lile ni mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, na kazi yake ni kuyafungua. Tarehe aziombee, kwa jina lake na cheo chake, na ushahidi juu. Ile sentensi asiiombee kuondolewa. Kama mgogoro uliisha na wafanyakazi wakalipwa, basi aombe hilo liongezwe pamoja na chanzo, kwa sababu huo nao ni ukweli. Na hayo amwambie mkubwa wake kwa adabu, ana kwa ana, kabla ya kuandika chochote. Utiifu kwa mwajiri ni wajibu wa mkataba, lakini unakoma pale anapokuamrisha kumuasi Mwenyezi Mungu. Alifanya hivyo. Mkubwa hakufurahi, na hadi ninapoandika haya mkataba haujaongezwa wala kukatwa. Siwezi kuwaahidi kwamba ukweli huwa na malipo ya haraka.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi Waislamu wa Rwanda kama jamii. Mababu zetu walidharauliwa. Neno "umuswahili" katika vinywa vya watu lilikuwa na maana ya Muislamu na pia ya mtu mjanja asiyeaminika. Dharau ile hatukuiondoa kwa kujiandikia sifa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, walioeleza kwamba Waislamu wengi waliwaficha majirani zao walikuwa ni wale waliofichwa. Walikuwa mashahidi wasiolishwa na sisi, na ndiyo maana watu waliamini. Na historia hiyo hiyo inamtaja Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, Muislamu kwa jina na dini, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Arusha mwaka 2003. Hatuna haki ya kuomba ukurasa huo uchanwe. Surat An-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ushahidi utakuwa juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Sioni kwa nini bosi awe juu ya hao.

Basi, ndugu yangu, siku utakapopewa wasifu wa mkubwa uurekebishe, jiulize swali moja: kama kosa lililomo lingekuwa linamfaidi, ungeliombea pia lirekebishwe? Ukijibu ndiyo, andika, na weka jina lako. Ukijibu hapana, mrudishie karatasi yake.

Wabillahi tawfiq.