Utii na Dhamiri

Utii ni nguzo ya kila jamaa ya waumini. Pasipo utii, sheria hugeuka shauri tu ambalo kila mtu aweza kulitupa apendapo. Walakini dhamiri nayo ni nguzo, maana imani isiyokubaliwa na moyo ni vazi la kuazima. Nguzo hizi mbili zikishindana, ni ipi impishe mwenziwe? Swali hili ni la kale, na maisha ya Sonia Johnson wa Marekani yaliliuliza upya.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la Idaho, akalelewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake huitwa Wamormoni. Alisoma hata akapata shahada ya udaktari, akaolewa, akazaa watoto wanne, akalitumikia Kanisa lake kwa bidii. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha pendekezo la kutia katika Katiba kwamba haki za mtu mbele ya sheria zisipunguzwe kwa sababu ya kuwa mwanamume au mwanamke. Mwaka 1976 wakuu wa Kanisa walilipinga, wakihofu kuwa lingedhoofisha familia. Sonia alizipima hoja zao, akaziona nyepesi. Mwaka 1978 aliunda pamoja na wenziwe chama cha Wamormoni waliolitaka pendekezo hilo, akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Desemba 1979, katika jimbo la Virginia, alitengwa na Kanisa. Ndoa yake nayo ilivunjika wakati huohuo. Muda wa pendekezo ulipokwisha mwaka 1982, majimbo 35 yalikuwa yameliridhia, na 38 yalihitajika.

Waliomhukumu walisema kuwa kosa lake lilikuwa maneno yenye kuidhuru kazi ya Kanisa, wala hakuadhibiwa kwa kuliunga mkono pendekezo. Hoja hii haifai kudharauliwa. Kila jamii ina haki ya kusema nani ni wake, na atakaye kivuli cha mti hana budi kuuhifadhi mti. Lakini haki ya kumtoa mtu nje haithibitishi kuwa aliyetolewa amekosea. Mlango uliofungwa haujibu swali la aliye nje.

Tena mizani yenyewe ilikuwa na upungufu. Ukuhani wa Kanisa hilo hupewa wanaume peke yao, hata leo. Basi mwanamke aliyeuliza juu ya fungu la wanawake alihukumiwa katika baraza ambalo yeye asingeweza kamwe kuketi kama mwamuzi. Hukumu ya namna hiyo yaweza kufuata kanuni zote na bado ikakosa uzani wa haki.

Zaidi ya hayo, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kanisa hilo lafundisha kwamba lilianza kwa kijana Joseph Smith, aliyekwenda kusali peke yake msituni kwa kuwa madhehebu ya wakati wake hayakumridhisha. Wanawake wa Utah walipata kura mwaka 1870, wenzao wengi wa Marekani wakiwa bado hawana. Sheria ya serikali kuu ikawanyang'anya mwaka 1887, wakairudisha mwaka 1896. Emmeline B. Wells, Mmormoni mwaminifu, alihariri gazeti lililoitetea haki hiyo. Kwa hiyo binti aliyesali, akafikiri, akadai haki, alikuwa amelishika somo la nyumbani kwao.

Yamkini mtu akasema kuwa mwaminifu wa kweli angebaki. Lavina Fielding Anderson alitengwa mwaka 1993 baada ya kuandika jinsi wakuu walivyowaadhibu wasomi wa Kanisa; akaendelea kuhudhuria ibada miaka mingi, hata alipofariki mwaka 2023. Sonia alikwenda zake asirudi. Mmoja alibeba upweke wa kukaa kati ya watu asiohesabiwa nao, na mwingine upweke wa njia isiyo na wenyeji. Wote wawili walikataa jambo moja: kuungama kwa ulimi lile ambalo moyo haukulikiri. Utii unaodai ungamo la namna hiyo hupata vichwa vilivyoinama, ukapoteza waumini.