SUKARI ILIYOMO MWILINI NA SAUMU YA MGONJWA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa kila Ramadhani ikikaribia huonekana katika miji ya pwani watu wazima wenye maradhi ya kisukari, ambao tabibu amewakataza kufunga, nao hufunga kwa kuwaonea haya jirani zao. Wengine huanguka njiani wakirejea kutoka msikitini, na watu husema, "Masikini, saumu imemshinda." La! Si saumu iliyomshinda, bali ni kutojua jambo lililomo ndani ya damu yake.

Asili ya jambo hili ni chakula. Wali, muhogo, mkate, ndizi, tende na asali, ijapokuwa ladha zao ni mbalimbali, sehemu yao kubwa isiyokuwa maji imejengwa kwa vitu vitatu: kaboni, haidrojeni na oksijeni. Wataalamu huiita kabohaidreti. Iliyo mashuhuri katika jamii hiyo ni sukari iitwayo glukosi, ambayo kila punje yake, isiyoonekana kwa jicho, ina chembe 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Jani la mti huifanya kwa maji yatokayo ardhini na hewa ile ile waitoayo watu puani, kwa nguvu ya mwangaza wa jua. Kisha mti huziunganisha punje hizo kama shanga za tasbihi. Zikiunganishwa kwa namna moja huwa wanga, ndio uliomo katika mchele na muhogo. Zikiunganishwa kwa namna ya pili huwa selulosi, ndiyo pamba iliyofumiwa kanzu. Shanga ni zile zile. Lililogeuka ni fundo. Mate na matumbo ya mwanadamu hulifungua fundo la wanga, wala hayaliwezi la selulosi. Mbuzi naye haliwezi kwa nafsi yake, ila amewekewa tumboni vijidudu vya kumfanyia kazi hiyo. Ndiyo sababu mbuzi hushiba kwa majani na mwenye mbuzi hashibi.

Ama damu yote ya mtu mzima ina gramu 4 au 5 tu za glukosi, kadiri ya kijiko kidogo cha chai. Na ubongo peke yake hutumia kwa siku gramu 120 hivi. Basi mwenye kufikiri atauliza: kijiko kimoja kitatoshaje mchana kutwa? Jawabu ni kwamba ipo ghala. Mwaka 1857 mtaalamu wa Kifaransa, Claude Bernard, alikitoa katika ini kitu alichokiita glikojeni, nacho ni glukosi nyingi zilizofungwa pamoja kwa matawi matawi. Ini la mtu aliyekwisha kula huweka gramu 100 hivi, na misuli gramu 400 hivi. Lakini iliyo ya misuli ni ya misuli, haiikopeshi damu. Mchana wa Ramadhani ini hufungua ghala lake kidogo kidogo. Na likipungua, mwili huunguza mafuta, na ini hutengeneza glukosi mpya. Mwenye afya haoni katika hayo ila njaa, na pengine kichwa kuuma. Hapo hufahamika faida ya kuchelewesha daku, na ya kufuturu kwa tende kama alivyokuwa akifanya Mtume (S.A.W.), kwani sukari ya tende huingia damuni upesi.

Wala sukari si chakula tu. Makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner aliyabainisha mwaka 1901, kundi la A na la B hutofautiana kwa sukari moja iliyo juu ya ngozi ya chembe nyekundu, na mtu akitiwa damu isiyomfaa huweza kufa kwa ajili ya hiyo moja.

Sasa mtazameni mgonjwa. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiamrisha misuli na ini kuipokea glukosi. Kwa mwenye kisukari insulini haitoki, au hutoka isitiiwe. Kabla ya Banting na Best kuipata huko Toronto mwaka 1921, mtoto mwenye kisukari kikali hakuwa na matumaini ya kuishi. Leo dawa ipo. Lakini dawa haijui kwamba mtu amefunga. Akijidunga kama kawaida yake asile, sukari hushuka: hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno yasiyo na mpango, kisha huzimia. Na akiacha kujidunga, damu hujaa sukari na uchachu, nayo ni hatari vile vile. Madaktari wameweka mpaka: sukari ikipungua miligramu 70 katika desilita ya damu, au ikizidi 300, na aikate saumu mara moja, hata kama imebaki robo saa kuadhiniwa Magharibi.

Mwenye kudhani kuwa kufungua ni udhaifu wa dini na aisome Sura al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, ambamo mgonjwa ametajwa pamoja na msafiri. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mgonjwa akichelea madhara ana ruhusa ya kufungua. Akichelea kufa, kufungua humpasa, na akifunga huwa ameasi. Hapa ndipo wengi hukosea, hudhani ya kuwa aliyefunga juu ya katazo la tabibu amepata thawabu mbili! Wapo wenye kisukari chepesi wawezao kufunga pasina dhara, na hao wamuulize tabibu mwaminifu kabla ya mwezi kuandama. Kutoboa kidole ili kupima damu hakuharibu saumu, wala insulini idungwayo chini ya ngozi, kwa kuwa haikupita katika tundu la maumbile.

Mwenye kutaraji kupona atalipa siku zake. Asiyetaraji, kwa kila siku atatoa mudi moja, ndiyo kibaba, ya chakula kinacholiwa zaidi mjini mwake, apewe fakiri au masikini. Yajuzu kumpa mmoja vibaba vya siku nyingi, bali kibaba kimoja hakigawanywi kwa watu wawili. Wala hakitolewi kabla ya Ramadhani kuingia.

Wallahu aalam.