Mchango usiosomewa hesabu

Msibani kwetu, siku ya kuanua tanga, kabla watu hawajatawanyika husimama mtu mmoja na daftari akasoma. Fulani elfu kumi. Fulani kilo ishirini za mchele. Fulani alitoa gari siku nzima likabeba maji na maturubai. Akimaliza hufungua ukurasa wa pili akasoma matumizi: sanda, mbao, chakula, mafuta ya basi lililopeleka watu makaburini, deni la dukani, na kilichobaki amekabidhiwa nani. Aliyetoa elfu mbili husikia jina lake likisomwa kwa sauti ileile iliyosoma jina la aliyetoa laki mbili. Sijapata kumwona mfiwa aliyechukizwa na usomaji huo. Mara nyingi wafiwa wenyewe ndio huuomba, ili baadaye pasiwe na maneno.

Siku hizi maombi ya mchango hutufikia kwa simu, na usomaji huo haupo. Inafika picha ya mtoto mwenye mipira puani, barua ya daktari iliyopigwa picha juu ya godoro, kiasi kinachotakiwa, namba ya simu na yale maneno tuliyoyazoea: jina litakuja fulani. Ujumbe umetoka kundi la kanisa ukaingia la mtaa, ukatoka la mtaa ukaingia la tuliosoma pamoja, na aliyetuma kwetu hawajui wenye mgonjwa kuliko tunavyowajua sisi. Ndipo tunapoanza kuulizana: hivi hii ni kweli?

Ni swali la haki kwa watu ambao wamechoshwa na ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Hata hivyo, nazidi kuamini kwamba peke yake halitufikishi popote. Ugonjwa unaweza kuwa wa kweli kabisa na fedha zisimfikie mgonjwa. Picha ni yake, barua ni ya hospitali aliyolazwa, ila namba ya simu imebadilishwa na mtu aliyeunakili ujumbe njiani. Hapo hata daktari akikuthibitishia kila neno, bado umeibiwa. Cha kuuliza kwanza ni fedha hizi zitapita mikononi mwa nani, na nani atatusomea hesabu.

Wamarekani walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2017, huko New Jersey, mwanamke mmoja na mpenzi wake walifungua ukurasa wa kumchangia mwanamume asiye na makazi, askari mstaafu. Kisa chao kiligusa mioyo: gari la yule mwanamke liliishiwa mafuta barabarani usiku, na huyo maskini akatoa dola zake 20 za mwisho kumnunulia petroli. Watu zaidi ya 14,000 walichanga zaidi ya dola 400,000. Waandishi wa habari waliwahoji na kisa kikasimama imara, kwa sababu wote watatu walikuwa wamekitunga pamoja. Kilichowaumbua ni hesabu. Mwaka uliofuata yule asiye na makazi alikwenda mahakamani akilalamika kwamba hapewi fedha zake. Wapelelezi walipoanza kufuatilia zilikokwenda, wakakuta gari la BMW na kamari, na katika simu wakakuta ujumbe unaokiri kwamba kisa kilikuwa cha uongo. Kampuni ya GoFundMe, ambako ukurasa ule ulifunguliwa, iliwarudishia wachangiaji fedha zao, na wahusika wakahukumiwa.

Pembeni ya kisa hicho naweka kimoja cha jirani zetu Kenya. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihitaji kupelekwa India kwa upasuaji wa kichwa. Iliombwa shilingi milioni moja ya Kenya. Ndani ya siku chache zilipatikana zaidi ya milioni sita, nyingi zikiwa michango midogo midogo ya M-Pesa kutoka kwa watu waliosoma habari zake mtandaoni tu. Hawakumjua kijana yule. Lakini fedha hazikuingia kwenye simu yake wala ya ndugu yake. Zilipokelewa na Africa Cancer Foundation, taasisi yenye ofisi, yenye watu wanaojulikana kwa majina, inayoweza kusimamishwa ikaulizwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mtandao hauna watu wema wala kwamba sisi Waafrika Mashariki tumekuwa wagumu. Tukionyeshwa mikono safi, tunatoa hadi kupitiliza.

Hofu yetu ya kutapeliwa ina jambo moja baya ambalo hatulitazami vya kutosha. Kwa kuwa hatuamini, tunadai ushahidi, na ushahidi tunaoujua ni picha. Familia inatuma picha ya mgonjwa akiwa amejifunika. Mtu anaandika: mbona hatuoni kidonda? Inatumwa ya kidonda. Mwingine anataka video, mgonjwa aseme mwenyewe jina lake. Nimeona mama mtu mzima, mke wa mtu, mlezi wa wajukuu, akionyeshwa titi lililooza mbele ya kundi la watu ambao baadhi yao ni rika la watoto wake. Nimeona watoto ambao watakua na kwenda shule picha zao za uchi zikiwa bado zinazunguka katika simu za watu. Na ushahidi huo tunaoupata kwa kuwavua wagonjwa nguo hautulindi hata kidogo, maana picha ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuiba. Tapeli anaweza kuwa na picha za kutisha kuliko za mgonjwa halisi. Asichoweza kuleta ni risiti yenye namba ya malipo ya hospitali, wala mtu wa tatu aliye tayari kujibu maswali wiki ijayo na mwezi ujao. Tumekuwa tukiuliza sana pale panapoumiza na kunyamaza pale panaposaidia.

Katika hospitali za umma hapa Tanzania, bili hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali. Yeyote mwenye namba hiyo anaweza kulipia kwa simu hata akiwa Songea, na fedha haziingii mfukoni mwa mtu. Familia inayoomba msaada wa bili iombwe namba hiyo kabla ya kuombwa picha. Naomba pia tusiende kumsumbua muuguzi kwa simu ili atupe siri za mgonjwa. Akikataa kusema, anafanya kazi yake vizuri.

Tatizo ni kwamba bili ni sehemu tu ya gharama. Anayetoka Kigoma kumuuguza mwanawe Muhimbili hana pa kulala Dar es Salaam. Anahitaji chakula, nauli ya daladala, sabuni, vocha, na huko nyumbani amewaacha watoto wengine. Fedha hizo hazina namba ya Serikali. Lazima zipite kwa mtu, na hapo ndipo busara ya daftari la msiba inapohitajika tena. Mtu huyo asiwe mzazi wa mgonjwa, kwa sababu mzazi ana mzigo wa kumtosha, na kumtolesha hesabu huku mtoto yuko kitandani ni kumwonea. Awe jirani, mwalimu, katibu wa msikiti, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikosea ana pa kufuatwa. Na tangu siku ya kwanza isemwe wazi fedha zitakazobaki zitafanyiwa nini, hasa kama Mungu atamchukua mgonjwa. Watu huona vibaya kulitamka hilo. Nimeshuhudia ndugu wakikosana miaka kwa sababu halikutamkwa.

Katika kundi la tuliosoma pamoja, mwenzetu mmoja aligongwa na bodaboda akavunjika paja, tukamkabidhi kazi ya kutunza fedha dada mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo. Kila jioni aliweka risiti kwenye kundi. Siku aliyonunua maji na sabuni ya elfu nne aliandika elfu nne. Wapo walioona anazidisha. Mmoja alimwambia hatukuja kukaguana hapa. Hakujibu, kesho yake akaweka risiti nyingine. Baada ya muda waliokuwa kimya walianza kutuma, wakiwemo walioko Muscat na Toronto ambao miaka yote walikuwa wakisoma na kupita. Mwenzetu alipotoka hospitali zilibaki fedha, na yule dada akauliza kundi zima zifanyweje. Sijawahi kuona watu wanaojuana tangu utoto wakiaminiana upya namna ile.

Wenzetu walioko Ulaya na Marekani wana jukumu la ziada. GoFundMe haimpi mtu aliyeko Tanzania au Kenya njia ya kufungua ukurasa na kutoa fedha katika benki ya hapa, hivyo ukurasa wa mgonjwa wa Mwanza hufunguliwa na ndugu au rafiki aliyeko nchi inayokubalika, na fedha huingia kwanza kwenye akaunti yake. Rafiki huyo anaweza kuwa mwema kuliko wote, lakini wachangiaji wake hawamwoni mgonjwa, na mgonjwa haoni kilichochangwa. Aoneshe pande zote mbili: huku kilichoingia, kule kilichofika.

Nawaheshimu wanaosema, mimi natoa tu, nia yangu Mungu anaijua, aliyenidanganya atajibu mwenyewe. Moyo huo umewalisha wengi. Lakini hata zaka, ambayo Kurani imetaja makundi manane ya wanaostahili kupewa, humtaka mtoaji ajitahidi kumtafuta mwenye kustahili. Kuuliza ni sehemu ya kutoa. Anayemwachia tapeli aende zake kwa moyo mweupe amesamehe kitu ambacho si chake peke yake. Mimi nikitapeliwa elfu kumi, nimepoteza elfu kumi. Hasara kubwa inamwangukia mgonjwa atakayekuja kuomba baada yangu kutapeliwa, ambaye ujumbe wake nitaupita bila kuusoma. Ndiyo maana nawasihi watu wawaripoti matapeli. Wengi wanaona aibu kusema walidanganywa, na aibu yao ndiyo inayomlisha tapeli.

Wapo pia ambao utapeli umekuwa kisingizio chao cha kutotoa kabisa. Hao ni wengi kuliko matapeli. Ukiwaambia mgonjwa umemwona kwa macho, wanasema bado wanasubiri uhakika, na uhakika haufiki mpaka mtu amezikwa. Huko msibani wanakuja na rambirambi kubwa. Inaniuma kila mara nikiona jeneza limechangiwa kwa siku moja na dawa hazikuchangiwa kwa miezi.

Hata tukiondoa matapeli wote, njia hii ya kuombana mtandaoni itabaki na upungufu ambao hesabu nzuri haiwezi kuuziba. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, Lauren Berliner na Nora Kenworthy, walichapisha uchunguzi wa kampeni 200 za matibabu kwenye GoFundMe. Karibu tisa katika kila kumi hazikufikisha kiasi kilichoombwa. Walioweza kuusimulia ugonjwa wao vizuri, wenye marafiki wengi, wenye ugonjwa unaoeleweka haraka, walikuwa mbele. Hapa kwetu mambo hayawezi kuwa tofauti sana. Kijana mzuri wa sura anayehitaji upasuaji wa mara moja huchangiwa. Mzee wa kifafa, mwanamke wa fistula, mgonjwa wa akili, wote hao hawana picha ya kusambaza. Wengi hawana hata simu. Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na kwa maoni yangu kuidai itekelezwe mpaka kijijini ni mchango mkubwa kuliko wowote ninaoweza kutuma kwa simu.

Kabla haijafika huko, kuna mlango mmoja ambao watu wengi hupita bila kuugonga. Katika hospitali kubwa za umma kuna maofisa wa ustawi wa jamii. Ndio wanaoshughulikia misamaha ya wasioweza kulipa, na ndio wanaojua nani amelala wodini bila mgeni, nani ameandikiwa dawa isiyopatikana dirishani, nani ameruhusiwa lakini hana nauli ya kurudi kwao. Hawatangazi mtandaoni; ukifika ukauliza, unaambiwa. Yule dada wa Kariakoo alifika akauliza, na sasa sehemu ya fedha za kundi letu huenda huko kila mwisho wa mwezi, kwa dawa na kwa tiketi za basi zinazokatwa stendi ya Magufuli. Majina ya wagonjwa hayaandikwi kwenye kundi. Risiti huletwa zote, na tarehe.