Ajali Haina Kinga, Deni Je?

Jumanne ile kijana wa bodaboda wa steji yetu hapa Lang'ata alilala seli kwa kukosa bima ya mtu wa tatu. Jumatano mpwa wangu anayesoma Florida akanitumia picha: miaka 19, vipokea sauti masikioni, marafiki watatu wamejibana naye ndani ya Cessna 172 ya kukodi. Nikamuuliza kuhusu bima. "Ya klabu ipo, Mjomba." Nikamwambia hiyo mara nyingi humlinda mwenye ndege, aliyekodi aweza kudaiwa hata na kampuni hiyohiyo ya bima. Akajibu, "Basi Mjomba, ajali haina kinga."

Dhima tunaijua: ukiharibu, ulipe. Marekani unarusha ndege peke yako ukiwa na miaka 16, leseni ya rubani binafsi unaipata ukiwa na 17, na hakuna sheria ya shirikisho inayokudai bima ya dhima. Umoja wa Ulaya huidai tangu 2005, kwa kufuata uzito wa ndege. Ni ghali kwa mwanafunzi, kweli. Ndege ndogo kuangukia watu ni nadra, kweli pia.

Lakini methali ile imeninyima usingizi. Nani aliyesema bima ni kinga? Haizuii injini kuzimika. Inauliza jingine kabisa: ikishazimika, hasara abebe nani? Methali hiyo ni ya kumpoza mfiwa matangani. Mdeni akiitamka, amejifutia deni kwa ulimi wake mwenyewe. Na mbona bodaboda wetu hakuruhusiwa kuitamka mbele ya trafiki? Yeye ana pikipiki. Mpwa wangu ana matangi ya petroli juu ya mapaa ya watu.

Kila nikitazama vilima vya Ngong humkumbuka Denys Finch Hatton, rubani Mwingereza aliyezikwa hapo baada ya kuanguka na ndege yake, Gipsy Moth, huko Voi, Mei 1931. Kaburi lake lina mnara, wageni hulizuru, na filamu ikatengenezwa. Ndani ya ndege ile alikuwamo mtumishi wake, Kamau, akafa naye. Vitabu vimemwachia jina moja tu. Nyumbani kwa kina Kamau, nani alipeleka hata mbuzi?

Sheria ikimlazimisha kila kijana kukata bima, huenda anga ikabaki ya watoto wa matajiri, na hilo silipendi. Bado navutana nalo. Ila wewe mpwa wangu, kabla hujawapandisha tena hao watatu, waambie wazi nani atalipa.