Vibanda Vitatu Mlimani

Tafakari ya Dominika ya Pili ya Kwaresima
Somo: Mathayo 17:1–20



Petro hakuomba jambo baya. Alikuwa mlimani, uso wa Bwana wake unatoa nuru ambayo hajawahi kuiona, Musa na Eliya wapo karibu naye, wakizungumza na Yesu. Moyo wake ukatamani kitu kimoja tu: hali hii isipite. Akajitolea kujenga vibanda vitatu ili wakae huko huko. Mathayo hasemi kwamba Petro alitenda dhambi. Anatuonyesha mtu aliyeonja utukufu na asiyetaka kutoka ndani yake.

Nimeanza na Petro kwa sababu vijana wetu wa Chake Chake na Wete, hapa Pemba, wananiuliza mara kwa mara habari za miwani ya uhalisia pepe. Wameiona kwenye simu zao. Pale wanapolipia gemu za mpira na kucheza kwa zamu, wanazungumza juu ya siku ambayo mchezaji hatautazama tena uwanja kwenye runinga, bali atasimama katikati yake. Nao huuliza: Padri, ikifika kwetu, ni dhambi kuivaa?

Si dhambi. Na itafika. Umeme wa uhakika nao tuliusubiri sana, tukitegemea majenereta, hadi mwaka 2010 ulipovuka kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ndiyo maana napenda tuitafakari miwani hii sasa, kabla haijaingia majumbani mwetu, kwa kuwa namna mtu anavyokingoja kitu huonyesha anachokitarajia kutokana nacho.

Ulimwengu umeingoja kwa muda mrefu. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Mwaka 2012 kijana aitwaye Palmer Luckey aliomba michango mtandaoni ili atengeneze miwani ya gemu ya bei nafuu, na watu wa kawaida wakamchangia zaidi ya dola milioni 2 kwa kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukishika. Miaka miwili baadaye Facebook ilikubali kuinunua kampuni yake, Oculus, kwa takriban dola bilioni 2. Wanunuzi wa kawaida walianza kuipata miwani hiyo mwaka 2016, na Oktoba mwaka huo Sony nayo ikatoa miwani ya PlayStation. Miwani iitwayo Meta Quest 3 ilipotoka mwaka 2023 bei yake ilianzia dola 499, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Novemba 2025 kampuni ya Valve ikatangaza nyingine, Steam Frame, na wapenzi wa gemu wakaanza kungoja upya.

Kinachongojwa ni nini hasa? Mbele ya kila jicho kuna lenzi, na kila jicho hupewa picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Akili inaziunganisha, unaona kina na umbali. Vihisio hufuatilia kichwa chako: ukigeuka, ulimwengu ule unakufungulia upande uliogeukia. Baada ya muda mfupi unasahau chumba ulimo. Anayetamani hayo hatamani upuuzi. Ndani ya moyo wa mwanadamu Mungu mwenyewe ameweka kiu ya kuingia mahali penye uzuri mkubwa kuliko yeye, na kiu hiyo ndiyo iliyomfanya Petro ataje vibanda.

Hata hivyo mwili haudanganyiki wote. Watu wengi wakivaa miwani hii hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Sisi tunaosafiri kwa boti kati ya Unguja na Pemba tunaelewa haraka. Ukiwa umekaa ndani siku ya mawimbi, mwili unahisi kuyumba ilhali macho yanaona viti vimetulia, na tumbo linakataa. Kwenye miwani mambo hugeuka: macho yanaona mwendo, mwili uko palepale. Watengenezaji wanajitahidi kuipunguza shida hiyo, na wamefanikiwa kwa kiasi. Lakini mimi naona heshima katika kizunguzungu hicho. Mwili unashuhudia kwamba upo mahali fulani, na kwamba mahali hapo pana watu.

Sasa turudi kwenye Injili, tutazame jambo ambalo Marko na Luka hawalitaji. Wanafunzi walipoisikia sauti kutoka katika wingu walianguka kifudifudi kwa hofu. Mathayo peke yake anatuambia kwamba Yesu aliwaendea akawagusa. Ule mwangaza haukuwainua. Waliinuliwa na mkono. Walipoinua macho walimwona Yesu peke yake, yule yule waliyepanda naye, na wakaanza kushuka.

Kisiwa hiki kinaujua uzito wa mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Waliofiwa hawakuhitaji maneno mengi. Walihitaji watu wa kuketi nao jamvini, na hakuna picha, hata iwe safi namna gani, inayoweza kuketi jamvini kwa niaba ya mtu.

Na michezo yetu nayo ilituleta pamoja kwa miili yetu. Mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema ulianzia enzi za Wareno, bado unapendwa Pemba. Dume anafungwa kamba ndefu, mchezaji anamchokoza kwa kitambaa, ngoma na zumari vinalia, kijiji kizima kimezunguka uwanja, na ng'ombe hauawi. Wanaocheza wanajiingiza katika hatari ya kweli, na akianguka mmoja yupo wa kumwinua. Gemu itakayokuja haina budi kupimwa kwa kipimo hicho: nikianguka ndani yake, nani ataniona?

Nako chini ya mlima, bonde la Injili hii lina kijana. Baba yake anapiga magoti mbele ya Yesu na kueleza kwamba mwanawe ana kifafa, na kwamba mara nyingi huanguka motoni na majini. Maelezo hayo yanaweza kutolewa leo katika jiko lolote la kijijini kwetu lenye mafiga matatu. Mtoto wa kifafa anaanguka kwenye moto, anaungua, na baada ya hapo anafichwa ndani kwa sababu ya maneno ya watu kuhusu mapepo. Wanafunzi waliobaki chini walikuwa wameshindwa kumsaidia. Kama Petro angepata vibanda vyake, baba yule angeendelea kungoja bondeni.

Hapa nataka niwape vijana habari njema, kwa sababu miwani yenyewe imewahi kushuka mlimani. Katika miaka ya 1990, huko Seattle, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kutumia michezo ya uhalisia pepe kwa wagonjwa walioungua. Kusafisha na kufunga kidonda cha moto kunauma sana, hata mgonjwa akiwa amepewa dawa. Wakatengeneza gemu iitwayo SnowWorld. Mgonjwa akivaa kifaa anajikuta katika bonde la barafu, anarusha matonge ya theluji, wakati huo huo wauguzi wakimhudumia. Mawazo yaliyotekwa na mchezo hayabaki na nafasi kubwa ya kuyasikiliza maumivu, na wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua.

Tafakarini hilo. Ni gemu, ni miwani, ni ulimwengu usiokuwepo. Lakini mikono ya muuguzi iko juu ya kidonda muda wote. Ulimwengu ule wa barafu unamsaidia mgonjwa aweze kuguswa. Kifaa hicho hicho kinaweza kuwa kibanda cha Petro au njia ya kushukia kwa mtoto aliyeangukia moto, na tofauti iko katika swali moja: baada ya kukivua, kuna mtu aliyehudumiwa vyema zaidi, au kuna mtu aliyesahauliwa?

Kuna miaka ambayo Kwaresima na Ramadhani huenda pamoja. Jirani zetu Waislamu wanafunga, nasi tunafunga, na jioni sahani za futari zinavuka ua bila kuuliza dini ya anayezipokea. Tumo katika majira ya kujizuia ili tuwaone wengine. Kwa hiyo nawapa mambo matatu kwa juma hili, ambayo yatawafaa pia siku miwani itakapofika.

Kwanza, mnaocheza gemu, amueni mwisho kabla ya kuanza, na mkimaliza mwende kwa mtu mmoja mkampe mkono na kumjulia hali. Asiyeweza kuiacha runinga leo hataweza kuivua miwani kesho.

Pili, wazazi, msiwaache watoto peke yao katika mambo haya. Sony wenyewe walisema miwani yao haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka 12. Waulizeni vijana wanacheza nini, ketini nao, mfundishwe nao. Mzazi anayekemea asichokijua hupoteza sikio la mwanawe.

Tatu, tuwatembelee wenye kifafa mitaani mwetu. Kifafa ni ugonjwa, kina dawa, na dawa hiyo inatakiwa imezwe kila siku bila kukatizwa. Familia nyingi zinahitaji mtu wa kuwasindikiza hospitali, wa kuwakumbusha dozi, wa kujenga ukingo kuzunguka moto jikoni. Ninyi vijana mnaojua kuweka akiba kwa ajili ya kifaa cha shilingi milioni moja, mnayo tayari nidhamu ya kuweka akiba ya nauli ya mgonjwa mmoja.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliwaonyesha rafiki zako utukufu wako na hukuwaacha wakae mlimani. Wabariki vijana wetu katika furaha ya michezo yao. Wape akili ya kubuni vitu vitakavyowafaa wagonjwa wa kisiwa hiki. Tuguse tunapoogopa kurudi kwenye kazi ngumu za nyumbani, na utufanye wepesi wa kuwaendea baba na mama wanaolia kwa ajili ya mtoto wao. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.